Jina la Mrina Asali

Bibi Immaculate alikuwa na safari yake ya kliniki, lakini masikio hayana kituo. Kwenye basi la mtaa wa Sharpstown, huko ughaibuni, mbele ya kiti chake, mzee Mrundi aitwaye Macaire alikuwa amempisha kiti nesi Mkenya mwenye mimba kubwa, kisha akasoma beji yake: Chepngetich Zeidler.

"Dada, hili jina la pili ni la wapi?"

"La Wajerumani, mzee wangu. Ni la mume wangu. Maana yake mrina asali wa msituni, na ni adimu. Kwao amebaki yeye peke yake." Akashika tumbo. "Na huyu."

"Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Sisi ni ndugu saba, majina saba. Hakuna la kufa."

"Baba yangu alitundika mizinga msitu wa Mau. Posa ya mume wangu aliikataa mara mbili. Aliposikia maana ya jina, akasema huyo ni mwenzetu."

"Na huyo mwenzenu hupanda juu ya miti kurina?"

"Nyuki mmoja akiingia garini, yeye hutoka."

Walicheka hadi dereva, asiyejua Kiswahili, akatabasamu kwenye kioo.

"Mtoto ni wa kiume?"

"Wa kike. Na atalibeba."

"Akiolewa je?"

Basi likasimama. Macaire akamchukulia mkoba, akatangulia mlangoni.

"Basi huyo mume ndiye atakayelichukua," Chepngetich akasema, akishuka polepole, mkono wake begani mwa mzee aliyekuwa bado anabisha.