Fundi Nikolao Mchopa na Madirisha ya Namahuku

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Fundi Nikolao Mchopa anakabidhi funguo za karakana ya Shule ya Sekondari ya Wasichana Namahuku, hapa Newala, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na minne kamili. Wengi tunamwita Baba Salome, kwa jina la binti yake. Wanafunzi humwita Babu Kioo. Mimi ni Zena Hamudi, Mama Ashraf, mtunza stoo. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu katika miaka hiyo hakuna msumari alioupigilia ambao haukupita mkononi mwangu.

Alizaliwa Makote mwaka 1965 katika familia ya wakulima wa korosho. Useremala alijifunza kwa baba yake mdogo, na tarehe 1 Julai 1991 akaajiriwa hapa kuwa fundi wa matengenezo. Alitengeneza madawati, vitasa, mabomba na paa. Kitanda alichokikarabati hakikurudi tena karakana. Kwenye karatasi za kuombea vifaa aliandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, na hakuwahi kuomba misumari kumi kwa kazi ya misumari sita.

Kazi itakayokumbukwa, hata hivyo, ni ya madirisha. Shule yetu iko ukingoni mwa uwanda wa juu, upande unaotazama bonde la Ruvuma, na upepo ukipanda kutoka kule haukutani na kizuizi chochote mpaka kwenye kuta zetu. Mwaka 2014 upepo wa namna hiyo ulivunja dirisha kubwa la bwalo na kumwaga vioo juu ya meza. Zabibu, mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka Lupaso, alikatwa mshipa wa mkono wa kulia. Kidonda kilipona, lakini vidole havikurudi kushika kalamu, akaanza upya kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Kioo kile alikuwa amekiweka Baba Salome mwenyewe. Kilikuwa kioo cha kawaida, na alikiweka vizuri. Hakuna aliyemlaumu. Lakini alikwenda kumwona Zabibu hospitalini, na aliporudi hakula chakula cha mchana kwa siku tatu. Siku ya nne alikwenda kwa Mkuu wa Shule wa wakati huo, Bi Hajira, akamwambia, "Mama, vioo vyote nilivyoweka hapa ni visu. Naomba ruhusa nivifunge makali."

Kubadili madirisha yote hakukuwezekana. Kuyaongezea kinga yaliyopo kuliwezekana. Alikwenda Masasi mjini kwa Fundi Suleimani, aliyekuwa akiweka vioo vya maduka, akakaa kwake wiki mbili akijifunza kubandika stika ya kinga, yaani ile nailoni ngumu inayopitisha mwanga, inayoshikamana na kioo upande wa ndani ili kikipasuka kisimwagike. Kioo kinakwanguliwa kwa wembe mpaka kisibaki na chembe, kinanyunyiziwa maji ya sabuni, stika inalazwa, kisha maji yanasukumwa nje kwa kifutio cha mpira. Mwisho kingo zinafungwa kwenye fremu kwa gundi ya silikoni. Wengi huiacha hatua hiyo ya mwisho. Yeye hakuiacha hata mara moja, maana bila hiyo kioo kizima kinaweza kung'oka na stika yake.

Dirisha lake la kwanza lilijaa mapovu, wasichana wakalibatiza dirisha la ndui. Alicheka pamoja nao, akalibandua, akaanza tena. Kisha ukaja mkutano wa wazazi. Mbele ya umati alisimamisha kioo chenye kinga na kukipiga kwa nyundo. Kioo kikapata nyufa kama utando wa buibui, lakini hakikudondosha hata kipande. Mzee Mrisho, mzazi kutoka Makote, akasimama na kusema, "Nyundo hiyo ya mpira! Hebu niishike." Akapewa, akaipima mkononi, akapiga kwa nguvu zake zote mara tatu, kisha akarudi kukaa huku akisugua kiwiko. Tangu siku hiyo hatukuhitaji kuwashawishi wazazi wachangie vifaa.

Kazi ilikwenda polepole, jengo moja baada ya jingine, kadiri vifaa vilivyopatikana. Bwalo lilimalizika mwaka 2021. Likabaki gombo la stika lenye mita chache, na bweni la mwisho lilikuwa bado halijapangiwa. Nilimwambia, "Baba Salome, chukua kipande hiki ukabandike kwako. Mke wako anakaa palepale dirishani kutwa nzima."

Akatabasamu. "Mama Ashraf, hiki kimeandikwa cha shule. Cha kwangu nitanunua nikienda Masasi."

Nikakirudisha kwenye rafu na kukiandika leja.

Alhamisi ya tarehe 17 Machi 2022, saa saba mchana, wasichana wote wakiwa bwaloni, upepo ulipanda tena kutoka bondeni. Uling'oa bati la banda la kuni na kulipiga moja kwa moja kwenye dirisha lilelile la Zabibu. Tulisikia mshindo, halafu mayowe. Nilipoingia mbio, wasichana walikuwa chini ya meza, sahani zimepinduka, na bati limeegemea nje ya dirisha. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Hakuna kipande kilichoanguka. Hakuna aliyetoka hata tone la damu.

Baba Salome alifika mbio, nyundo mkononi, ameloa jasho. Alipitisha kiganja juu ya kioo kile taratibu, kutoka juu hadi chini, akageuka akatuambia, "Kimeshika." Sijapata kumwona mtu mzima mwenye uso wa furaha vile. Walimu walimkumbatia. Simu yake ikaita.

Alikuwa Mujibu, jirani yake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Dirisha lipi?" akauliza. Kisha, "Shingoni?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mfunge kitambaa, Mujibu. Mkandamize. Nakuja." Akanikabidhi nyundo kana kwamba nilikuwa nimemwomba.

Mama Salome, Severina, alikuwa ameketi dirishani sebuleni akichambua mbaazi, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na mwanga mzuri. Gari la shule lilimkuta Mujibu amemshikilia barazani. Alifariki njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe, kabla hawajafika hospitalini.

Tulimzika Makote siku ya pili yake. Shule nzima ilitembea kwa miguu. Zabibu naye alikuja kutoka Lupaso. Wakati huo alikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi.  Alipomfikia mfiwa alimshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaketi naye chini mpaka watu wakapungua.

Kwa wiki nyingi sikuweza kumtazama usoni. Kile kipande cha stika kilikuwa bado kwenye rafu yangu, na kila nilipofungua stoo nilikiona. Aliporejea kazini baada ya arobaini, nilimfuata karakana nikamwambia, "Baba Salome, ningekulazimisha siku ile."

Aliendelea kunoa patasi kwa muda. Kisha akasema, "Ungenilazimisha, ningekataa. Mali ya shule ni ya shule, hilo silijutii hata leo. Ninachojutia ni kwamba Masasi nilikwenda mara ngapi baada ya hapo? Mara nne. Nikasema safari ijayo. Yeye mwenyewe alinikumbusha mara moja, akanyamaza, hakunikumbusha tena." Akaiweka patasi chini. "Nipe hicho kipande. Bweni halijaisha."

Nilimpa, akasaini. Alianzia nacho dirisha la kwanza la bweni la mwisho.

Tungependa kuandika kwamba muda ulimponya. Hatutaandika hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe huchukia kazi ya kuficha ufa kwa rangi. Zamani alikuwa akiimba nyimbo za kanisani juu ya ngazi hadi walimu wakafunga milango ili wafundishe. Baada ya msiba ule ngazi ilikuwa kimya, na walimu waliacha milango wazi wakingoja. Hata hivyo kazi haikupungua ubora hata kidogo. Alipita kila dirisha alilolimaliza zamani, akakagua silikoni, akarudia palipokauka. Dirisha la mwisho la bweni la mwisho alilifunga tarehe 14 Mei mwaka huu. Hakufanya sherehe. Alifuta ngazi, akaja kuniuliza kama kuna kitasa cha kutengeneza.

Sasa anahamia Lisekese, Masasi, kuishi na binti yake Salome na wajukuu. Nyumba ya Makote ameipangisha kwa mwalimu wetu mpya wa hisabati, Khalidi, mwenye mke na watoto wawili wadogo. Mwanzoni mwa mwezi huu Baba Salome alishuka Masasi, akarudi na gombo jipya. Alinionyesha risiti, ingawa sikuiomba. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumshikia, kwa kuwa stika moja kubwa huhitaji mikono minne.

Tulifanya kazi siku mbili. Dirisha la sebuleni aliliacha mpaka mwisho. Alikwangua kioo kwa wembe, akanyunyiza maji, kisha akaketi kwenye kochi na kufunika uso. Nililia naye. Watoto wa Khalidi walikuwa wakikimbizana barazani, hawajui lolote. Baada ya muda akainuka, akafuta macho kwa mkono wa shati, akasema, "Shika juu, Mama Ashraf. Usiachie mpaka niseme." Sikuachia. Akausukuma mpira kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu, mpaka kioo kikabaki safi kama hakina kitu, akafunga kingo zote nne.

Baba Salome, kwa niaba ya watumishi wote wa Namahuku na wasichana waliokula, kulala na kusoma nyuma ya vioo ulivyovifunga makali bila kukatwa hata kidole, tunasema asante. Mama Salome tutamtembelea kaburini kila Machi. Hilo tumekubaliana bila kuitisha kikao. Nenda Lisekese kwa amani, ukae na wajukuu, na Mungu akujalie miaka mingi yenye afya. Upepo ukivuma, usiinuke. Mwaka huu wote tumekuwa tukishika ngazi yako na kujifunza, tutakagua sisi.