Mkate wa Mwalimu Sanobar

Mengi yaliyomo katika historia hii Zebiniso, mke wa mwana wa marehemu, aliambiwa kwanza na Bi Hafiza, jirani wa ukuta mmoja, kwa kuwa marehemu alikuwa hodari wa kusimulia ya wengine na mchache wa kusimulia yake.

Mwalimu Sanobar Rahimova alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Bukhara, mtaa wa wafua shaba, akiwa mtoto wa tatu wa fundi Rahim na Bi Oysha, akaanza shule mwaka 1958, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1969, na huko akachagua Kiingereza, lugha ambayo hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kuisikia ikisemwa na mwenyewe.

Alihitimu mwaka 1973, akapangiwa shule ya karibu na soko la kuba, akafundisha miaka na miaka jinsi ya kumkaribisha mgeni, kumwelekeza njia na kumuuliza kama amelala vizuri, wakati wageni wachache waliofika walipita na wasindikizaji wao wa serikali na haikuwa rahisi kuwasogelea, hata Bi Hafiza akawa anamtania, "Mwalimu, Kiingereza chako ni kama nguo za bibi harusi asiyeposwa, kila mwaka unazianika na kuzirudisha sandukuni."

Tarehe 20 Agosti 1978 aliolewa na marehemu Ergash, mwoka mikate, wakajaliwa watoto wawili, Gulbahor aliyezaliwa mwaka 1981 na Ilhom aliyezaliwa mwaka 1990, na Mungu alimchukua mzee Ergash mwaka 2009, tanuri lake likabaki linawaka mikononi mwa Gulbahor.

Milango ya nchi ilipofunguka na nyumba za mtaani kugeuka nyumba za wageni, marehemu alianza kufundisha jioni barazani kwake, wake za watu, wapishi na madereva, akiwaambia kwamba neno la Kiingereza haliendi sokoni peke yake, lazima lifuatane na mwenzake, kwa hiyo msimu una kilele chake, njia huitwa iliyokanyagwa au isiyokanyagwa, duka la bei ya kuruka linaitwa mtego, na watalii wenyewe humiminika, hufurika, huja makundi kwa makundi, kana kwamba ni mto au kondoo. Wanafunzi walicheka, naye akawaambia, "Yajueni yote, msije mkasengenywa mbele yenu msielewe, lakini mkifungua mlango, aliyesimama pale ni mgeni."

Jambo moja lilimsumbua hadi uzeeni, kwamba kitabu chake kilikuwa na maneno tele ya kufika, kulala, kula, kutumia fedha na kuondoka, lakini hakikuwa na hata moja la yule anayebaki mlangoni akitazama gari likipiga kona, na kila mtalii aliyejua lugha vizuri aliulizwa neno hilo, na kila mmoja alifikiri, akatabasamu, akapanda gari.

Kwetu anayesafiri huuma mkate, ukatundikwa ukutani, ili arudi kuumaliza, na marehemu aliwapa hata watalii mkate wauume, mpaka mzee mmoja Mholanzi, akidhani ni chakula cha njiani, akaula wote na kushukuru sana, na Bi Hafiza akasema, "Huyo ndiyo basi, Mwalimu, kala na marudio yake."

Tarehe 6 Septemba 2021 Ilhom alikwenda Korea kufanya kazi kiwandani, akauma mkate wake mlangoni, akamwacha Zebiniso mjamzito, na binti yao Mehrangiz, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2022, amemjua baba yake ndani ya simu tu. Marehemu alipanguza vumbi la mkate ule kila Ijumaa, na watu walipomuuliza mwanawe atarudi lini alijibu kwamba mkate bado upo.

Mwezi Mei mwaka huu, 2025, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa ini, akatibiwa hospitalini, akaomba arudi nyumbani, na jioni ya tarehe 8 Oktoba alimwita Zebiniso, akaagiza mkate mmoja wa tanuri la mumewe. Zebiniso alifurahi akidhani hamu ya chakula imerudi, akauleta ungali moto, naye akauma kipande kidogo, akamrudishia.

"Kula mama, umeonja tu."

"Sili, mwanangu. Naaga. Utundike kando ya wa Ilhom."

Alfajiri ya tarehe 9 Oktoba alifariki, na Ilhom, ambaye hakuwahi mazishi, yuko njiani na atafika kesho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliobeba jeneza na kupika kwa zamu, walimu wenzake, na wanafunzi wote wa barazani, ambao mpaka leo wanafungua milango ya mji huu.

Asubuhi iliyofuata mazishi, Zebiniso alipigilia msumari mpya ukutani, akautundika mkate wa mama mkwe wake kando ya ule wa mumewe, kisha akamnyanyua Mehrangiz auone, akamwambia kwamba huu wa kushoto baba atakuja kuumaliza, na huu wa kulia tutaupanguza vumbi kila Ijumaa.

Safiri salama, Mwalimu, sisi tumebaki mlangoni.