Fomu ya Siku ya Kumi na Nne

Fomu ya Kukiri Kupokea Onyo la Kwanza la Maendeleo Yasiyoridhisha Kitaaluma, nakala tatu: hiyo ndiyo karatasi ya mwisho ya kazi aliyoishika marehemu dada yetu, karani wa usajili, nasi tumeona tuanze nayo, kwa kuwa mwenyewe hakuwa mtu wa kuanza jambo bila fomu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, akamaliza sekondari 1983, akaingia chuo cha ukarani Januari 1984, na mwezi Juni, akiwa amelazwa kwa homa ya matumbo, jina lake likabandikwa ubaoni kuwa amejiondoa masomoni, tangazo alilolisoma siku ya kurudi, wenzake wakichungulia begani kwake. Alianza upya, akahitimu 1986.

Tarehe 4 Februari 1991 aliajiriwa chuoni, akakabidhiwa jalada la maonyo. Kanuni ilikuwa, na ingali, kwamba mwanafunzi aliyeshuka chini ya wastani hupewa onyo, na asipotia saini ndani ya siku kumi na nne huhesabiwa amejiondoa mwenyewe, hata kama yuko darasani mstari wa mbele akiandika. Makarani wengine walibandika orodha wakaenda zao kunywa chai; yeye aliwafuata wanafunzi mmoja mmoja, maktabani, uwanjani, kwenye foleni ya bafu, mpaka wakamwita Mama Onyo, na waliomkimbia aliwapazia sauti kwamba, mwanangu, barua haing'ati, njoo usaini ukasome.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyesoma chuo hichohicho, akapata onyo, akaletewa na mama yake mezani akiwa anakula, na nakala ya tatu ina doa la mafuta hadi leo.

Agosti 2023 daktari aligundua moyo wake umepanuka, akampa likizo na kumkataza ngazi, naye akaitikia ndiyo daktari, kwa sauti ileile aliyowajibia wakuu wa idara. Tarehe 21 Mei 2024 mwenzake wa ofisini alimweleza kwa simu kwamba wote wamesaini isipokuwa binti mmoja wa mwaka wa pili, simu haipatikani, chumba kahama, na leo ni ya kumi na nne, basi dada, tumwache, saa kumi kompyuta itamfuta yenyewe. Marehemu akavaa viatu, na shemeji alipouliza waenda wapi, akajibu ananyoosha miguu. Binti alikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya duka la matairi, akimwogesha mama yake aliyepooza. Akasaini kwa mikono yenye maji, na fomu ikafika ofisini saa tisa na dakika hamsini. Jioni hiyo marehemu alilazwa, akafariki tarehe 23 Mei, saa mbili asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioacha shughuli zao, na wenzake wa usajili. Lala salama, dada, kazi tumeipokea.

Barua ya rambirambi ya chuo inaeleza kuwa marehemu alifikwa na mauti akiwa katika likizo ya ugonjwa. Alipanda ngazi alizokatazwa, ili kumtafuta mwanafunzi asifutwe, akampata.