Benchi Linalomfuata Randa

Benchi letu lilikuwa kwenye kona, limeegemea ukuta wa kinyozi. Nasema lilikuwa, kwa sababu asubuhi ninayoisimulia lilikuwa limefika mbele ya mashine ya kusaga, nusu nzima ya njia ya kwenda nyumbani kwa mwenzetu Randa, na hakuna aliyekuwa amelisemea neno. Mama Birika, anayetuuzia kahawa, alilifuata na jiko lake, akalitega upande ambao moshi haumwendei Randa. Wembe, kinyozi, wateja wake waliendelea kungojea zamu kwenye benchi kama zamani, ila sasa kuwaita kulimbidi atoke nje apige kelele kama nyumba inaungua. Pampu, fundi baiskeli, alikuwepo. Mimi fundi viatu, wanayeniita Kisigino, nilikuwepo pia, na Mungu ananiona, nilijifanya sioni. Benchi lenyewe alilichonga Randa, enzi zake za useremala. Vumbi la mbao la miaka yote ile, na sigara juu yake, vimemkalia kifuani. Mapafu yamechakaa, mwili nao umeyafuata. Mkono uliokuwa ukibeba mlango mzima, siku hizi unabeba kikombe kwa kusaidiwa na mwenzake.

Alikuja taratibu, suruali kaifunga kwa kamba isimvuke kiuno. Akakaa, akatoa pumzi kwa midomo iliyokunjwa, kama anayepuliza chai ya moto. Kisha akatabasamu.

— Jamani, leo sijasimama njiani hata mara moja! Zamani nilikuwa nashika ukuta wa fundi cherehani, nashika na ule wa bomba. Leo moja kwa moja!

— Mungu mkubwa, — nikasema, nikainamia kiatu nilichokuwa nashona.

— Kesho naenda kliniki. Namwambia yule nesi asinisumbue tena na mazoezi yake. Mimi nimepona.

Kikombe cha Pampu kilimponyoka. Wembe akakohoa, wala haumwi kifua.

— Randa, — Wembe akaanza, — umeona benchi liko wapi?

— Liko chini yangu.

— Nasema hivi, kona iko kule.

Randa akageuka, akaitazama kona.

— Imesogea, — akasema.

Nikamshukuru Mola kimyakimya, na sidhani kama shukrani ile ilipokelewa.

— Ndiyo hivyo! — Pampu akadakia. — Kona imesogea! Barabara hii ina mteremko. Mvua ikinyesha udongo unalainika, kona inateleza.

— Duka langu liko pale kwenye kona, — akasema Wembe. — Na mimi nimeteleza nalo?

— Umeteleza, tena huna habari. Ndiyo maana siku hizi unakata watu masikio.

— Nimemkata nani?

— Si huyu Kisigino!

Ilikuwa kweli, ila kidogo, na nilishamsamehe.

— Acheni mambo yenu, — Mama Birika akasema akikoroga kahawa. — Kona haijaenda popote. Nyumba ya Randa ndiyo inakuja. Zamani nilikuwa sisikii kitu kutoka kwake. Sasa hivi nasikia hata bawaba za mlango wake.

— Nyumba inatembea kwa miguu gani, mama? — akauliza Pampu.

— Umeziona kuta zake? Zina nyufa. Kitu kimekaa tu kinapasukaje?

Wembe akasimama, akaweka mkono kifuani.

— Sikilizeni, wenzangu. Hili benchi lilikuwa mti, na mti una roho yake. Randa kalichonga kwa mikono yake, linamjua. Likisikia anatweta linaingiwa na huruma, linajiburuta kumfuata kama ng'ombe anayerudi zizini.

— Kwa hiyo na milango yote aliyochonga itamjia? — nikamuuliza.

— Iko njiani! Wewe unadhani mlango wa choo cha shule ulikwenda wapi?

Na mlango wa choo cha shule kweli haujaonekana mpaka leo.

— Hamna, — Pampu akatikisa kichwa. — Tuulizane kitaalamu. Randa anapumua nini? Upepo. Zamani alikuwa na kifua kama lori, anavuta upepo wa mtaa mzima, sisi tunabaki na makombo. Sasa kifua kimegoma. Ule upepo wake umekwenda wapi? Uko humu humu barabarani, unazurura, hauna pa kuingia. Ndio unaosukuma benchi!

— Pampu! — akafoka Mama Birika.

— Tairi likikataa upepo, upepo unapotea? Nijibuni. Nani hapa ameshika pampu kunizidi?

Randa akacheka. Kucheka kwenyewe kukamgeuka. Akainama, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka kama anayepanda ngazi huku amekaa. Nakiri kwamba mimi nilikuwa bado nacheka wakati yeye ameshaanza kutafuta hewa. Mtu mmoja akapita akitusalimu, hatukumjibu. Tulikuwa tunaihesabu pumzi ya Randa. Mwishowe akainua uso.

— Huo upepo wangu, — akasema, — nirudishieni.

Wembe hakuwa ametulia.

— Basi tuape. Kila mtu aape hajaligusa hili benchi.

Pampu akasema mikono yake ina grisi, hawezi kuapa nayo. Mama Birika akasema kahawa itamuungulia. Mimi nikasema dini yangu hainiruhusu kuapa ovyo, jambo ambalo ni kweli, na siku hiyo lilinifaa mno. Wembe tulipomwambia aanze yeye, akasema anamsikia mteja anamwita dukani. Mteja wake pekee alikuwa amekaa pale pale katikati yetu, nusu ya kichwa imenyolewa.

Hapo akatokea mama mmoja mrefu kutoka upande wa mbele, kule ng'ambo ya nyumba ya Randa, begi kichwani, uso umewaka.

— Nyinyi! Nimewasalimu hapa sasa hivi hamkuitika. Hili ndilo benchi?

— Benchi lipi, dada? — akauliza Pampu.

— La kuhesabia nyumba! Nimeelekezwa nikifika kwenye benchi nihesabu nyumba mpaka kwa mdogo wangu. Nimehesabu. Nimeingia, nimemkuta mzee kitandani, nimemkumbatia, nimemlilia, "Mdogo wangu, umekwisha namna hii!" Kumbe mzee wa watu haumwi, ndivyo alivyo!

— Shikamoo, dada, — ikasema sauti ndogo.

Mama yule akageuka. Randa alikuwa anajaribu kusimama. Akasukuma magoti, akarudi chini. Akasukuma tena, akafika. Dada yake akamtazama kuanzia ile kamba ya suruali kwenda juu, na kelele zote zikamwishia.

— Marahaba, — akasema. Kisha akatugeukia. — Nani kaliondoa benchi kwenye kona?

Nilitamani mwingine aanze. Hakuanza.

— Mimi, — nikasema. — Kidogo tu. Nikitoka kusali alfajiri. Nilimkuta siku moja kashika ukuta, midomo imebadilika rangi, nikaona afadhali benchi limkaribie.

— Wewe! — Pampu akaruka. — Mimi nilidhani ni mimi!

Kumbe yeye alilivuta jioni, akifunga kazi. Mama Birika alilivuta akifagia. Wembe akasema kwa unyonge kwamba yeye ndiye wa kwanza kuling'oa ukutani, na kwamba mwenyewe alikuwa akishangaa linavyokimbia.

— Nilijua, — Randa akasema.

Tukamtazama.

— Mguu wake mmoja ni mfupi, niliukosea msumeno. Mkiliburuta unachora mchanga. Kila asubuhi naiona ile alama. Lakini kufika bila kutweta… kulikuwa kutamu, jamani. Nikaona nisiulize.

— Kliniki walikuambia nini? — akauliza dada yake.

— Kwamba mapafu hayatarudi kuwa mapya. Miguu ndiyo bado yangu. Nitembee kila siku, nikichoka nisimame, nikipata pumzi niendelee. Nikiendekeza kukaa, na miguu itaniaga.

Dada akatua begi. Akatutazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Sasa hebu niambieni. Hili benchi likishafika mlangoni kwake, yeye atakuwa anatoka kwenda wapi?

Kahawa ikachemka ikamwagikia makaa, Mama Birika hakugeuka.  Sisi tuliotembeza nyumba na kuteremsha kona, tukaanza kuhesabu kwa vidole hatua zilizobaki mpaka mlangoni kwake.

— Lirudisheni, — Randa akasema.

— Utafika? — nikamuuliza.

— Sijui. Ila msinitangulie.

Tukalibeba. Randa mbele, kashika mkono wa dada yake, sisi nyuma na benchi mabegani, Mama Birika na birika, yule mteja wa nusu kichwa kabeba jiko. Randa akisimama, tunatua benchi, anakaa, anapuliza, anamiminiwa kahawa, sote tunamngoja. Akiinuka, tunabeba. Watu wakaanza kusogea pembeni kwa heshima. Pale kwa fundi cherehani mzee mmoja akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini:

— Poleni. Marehemu ni nani?

Randa akasimama. Akaitafuta pumzi, akaipata.

— Ni mimi, — akasema, — ila bado sijafika.

Tukatua benchi. Akakaa, akakunja midomo, akapuliza. Kona ilikuwa bado mbali, imesimama palepale ilipokuwa siku zote.