Milango Miwili ya Mama Madirisha

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, mama zetu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, kabla familia haijaanza kusoma, mnaombwa mliosimama dirishani msogee kidogo hewa ipite, na mliokalia viti vya plastiki msiviburute bali mviinue, maana marehemu angekuwepo angekuwa ameshawaambia mara mbili, na mara ya pili asingechagua maneno.

Marehemu dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Madirisha, alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu mwashi na mama yetu mshonaji, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu tangu alipojua kutambaa hakukalika, akiwekwa mkekani anatoka, akibebwa mgongoni anapiga mateke, na ukimtafuta unamkuta chini ya cherehani akiokota vipande vya nyuzi kimoja kimoja na kuvitia kinywani, jambo ambalo mdogo wake anayewasomea hapa analihesabu kuwa ndiyo kazi yake ya kwanza ya usafi.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1962 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, na huko alijulikana kwa hesabu za wastani na kwa ufagio usio wa wastani, kwa sababu zamu yake ya kufagia ilipofika hakukubali kuizungushia ufagio miguu ya madawati kama walivyofanya wenzake, bali aliwaamuru wayatoe yote nje kwanza, akisema uchafu si mjinga, haukai katikati ya chumba ukusubiri, mpaka siku moja mwalimu wa hesabu akakuta darasa zima limesimama uani na madawati yake huku marehemu akiwa peke yake ndani anapiga deki, akapelekwa kwa mwalimu mkuu kuadhibiwa, na akarudi akiwa kiranja wa usafi wa shule nzima.

Tarehe 1 Machi 1973 aliajiriwa hospitalini katika chumba cha kufulia, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, na ni huko alikoikuta sheria iliyotawala maisha yake na ya kila aliyemkaribia, kwamba chumba kile kilikuwa na milango miwili, mashuka machafu yakiingia kwa mlango mmoja na masafi yakitoka kwa mwingine, na mawili hayo hayakukutana njiani hata iweje. Siku alipokuja seremala kijana kurekebisha mlango uliokuwa unakwama, akapita na sanduku lake la vifaa kwa upande wa mashuka masafi, marehemu alimrudisha akalizunguka jengo lote, sanduku begani, na kijana yule akaenda kuwaambia rafiki zake kwamba leo ama amepata mke ama amepata adui. Ndoa yao ilifungwa tarehe 14 Agosti 1976, na seremala mwenyewe, shemeji yetu Fundi, yupo hapa mbele yenu, na kama mnavyoona ameshanyanyuka mara tatu kufuta ile meza.

Walianza maisha katika chumba kimoja cha kupanga, chenye dirisha moja ambalo mwenye nyumba alilipigilia misumari kwa kuogopa wezi, na humo ndimo alimozaliwa mtoto wao wa kwanza, wa kiume, tarehe 2 Mei 1977. Familia imekubaliana kulisema wazi jambo hili ambalo marehemu hakupenda lizungumzwe, kwamba mvua za mwaka uliofuata zilikuwa ndefu, nepi na nguo zikawa zinaanikwa kwenye kamba ndani ya chumba hicho hicho walimolala, ukungu ukapanda ukutani nyuma ya kitanda, masanduku yaliyosongamana chini ya kitanda yakauficha, na mtoto akashikwa na nimonia, akafariki tarehe 19 Novemba 1978, na muuguzi mmoja aliyempenda sana dada yetu akamshika mkono akamwambia bila kuzungusha maneno, mwenzangu, unatufulia hospitali nzima, lakini chumba chako hakipumui. Aliumia, jamani, aliumia mno, na yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini mwanamke huyu hakuweza kukaa kitako hata dakika chache bila kunyanyuka kushika kitambaa, basi jibu lake ni hilo, hana haja ya kutafuta jingine.

Tarehe 27 Januari 1980 alimzaa binti yao, ambaye leo ni mwalimu na amekaa pale pembeni ya dirisha, na kabla hajatimiza mwaka kifua chake kilianza kubana na kulia kama filimbi, daktari akasema ni pumu, na tangu siku hiyo dada yetu akawa na vita moja tu duniani, mtoto huyu apumue. Siku ile ile aliing'oa misumari ya dirisha kwa nyundo ya mumewe, mwenye nyumba alipokuja juu akamjibu kwamba mwizi akiingia atakuta nepi, na walipohamia nyumba hii mnayoiona, ambayo Fundi aliijenga pamoja na baba yetu mwaka 1981, alidai madirisha mawili kila chumba, yakitazamana, nayo yalifunguliwa kila kulipokucha, jua liwe kali au manyunyu yawe yanaanguka, na hapo ndipo majirani walipompa jina lake.

Lakini Fundi ni seremala, na seremala anarudi nyumbani na unga wa mbao kwenye nywele, kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya shati, na marehemu alipomtaka atoboe mlango wa pili kwa nyuma, aingilie huko, anawe na kubadili nguo kabla ya kumgusa mtoto, alikataa katakata, akauliza tangu lini mwanaume akaingia nyumbani kwake kwa nyuma kama kibaka, na mabishano hayo yakachukua miezi, yeye akizidi kupita mbele na dada akizidi kumfuata nyuma na dekio. Basi Jumamosi moja mchana akarudi na furaha zake kwa kupata kazi ya makabati ya shule, akambeba binti na kumkumbatia kwenye lile shati la kazi, na mtoto akabanwa palepale, midomo ikabadilika rangi, wakakimbia naye hospitalini huku baba anamwita jina lake njia nzima, na alipopata nafuu wakarudi naye nyumbani, Fundi hakuketi wala hakula, alichukua nyundo na patasi akauanza ukuta wa nyuma, akasimamisha fremu, na marehemu, kwa namna yake ya kumwambia mtu asante, alimwambia afunike kwanza sufuria.

Kuanzia hapo nyumba hii ikawa na milango miwili kama chumba cha kufulia, kila atokaye nje, awe katoka kazini, shuleni, sokoni au safarini, anaingia kwa nyuma, penye bomba, sabuni, ubao wa viatu na misumari ya nguo za kazi, na mlango wa mbele ukawa wa kutokea tu, mtu akiwa msafi. Wageni walidhani ni mzaha, hata mama mkwe wake, mama mzazi wa Fundi, alipowasili na mizigo yake na vumbi la safari akaelekezwa azunguke nyuma, alizunguka kweli, akanawa kweli, kisha akanuna kwa mwaka mzima, mpaka siku alipomwona mjukuu wake anaruka kamba uani bila kukohoa, akaenda nyumbani kwake akamwambia kijana wake mwingine atoboe ukuta. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hapa mgeni alipewa dekio siku ile ile.

Mtoto wao wa mwisho, wa kiume, ambaye ni dereva wa malori, alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1984, na wote wawili walilelewa kwa kauli ambazo mkiwauliza watawatajia hata usingizini, kwamba kufagia vumbi kavu ni kulihamisha tu, hivyo lowesha kwanza, kwamba kitambaa cha jikoni na kitambaa cha chooni si ndugu na wasifahamiane, kwamba godoro nalo lina haki ya kuota jua kila wiki, kwamba chini ya kitanda hapawekwi kitu isipokuwa hewa, kwamba maji ya kunywa yakishachemka yafunikwe na kuchotwa kwa kata yenye mpini ili vidole visionje, na kwamba kila kitu kiwe na msumari wake, maana kitu kisicho na mahali pake kinamfanya mwenye nyumba awe mgeni. Alikosea pia, naye alicheka akilisimulia hilo, mwaka 1996 aliponuia kukikomesha choo moja kwa moja, akachanganya dawa ya klorini na dawa ya choo ya asidi katika ndoo moja akiamini kwamba mbili kali ni bora kuliko moja, mvuke ukampanda usoni akatoka nje anatambaa, macho yanachuruzika, na kuanzia hapo akawa anawasimamisha majirani barabarani kuwaonya kwamba dawa hizo zikikutana anayefukuzwa si uchafu, ni mwenye nyumba.

Tarehe 11 Septemba 2022 alipatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito, na hapo ndipo tulipomwona dada yetu akiteseka kuliko wakati wowote, kwa sababu binti yake alikuwa amerudi kukaa hapa ili amuuguze, na kifua chake ni kile kile, na mama yake alikuwa amelala chali akiitazama dari na utando wa buibui kwenye pembe yake, asiweze kuufikia. Hofu yake hakuificha, alimwambia huyu mdogo wake kwa maneno yaliyokatika katika, nikiondoka, nani atafungua, na hakuwa anauliza, alikuwa anamtazama Fundi, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa akitii sheria za nyumba pasipo kuzishika, kama mtoto anayenawa mikono kwa sababu tu ameonwa.

Fundi alianza vibaya, tusimfiche, alifagia pakavu mpaka binti akakimbilia uani, akaifuta meza kwa kitambaa cha chooni, akafungua madirisha saa ambayo jirani anachoma takataka, na kila alipokosea marehemu aligonga ukingo wa kitanda kwa kijiko kwa ule mkono wake mzima, ngo, ngo, na mzee wa watu akaacha kila kitu akaja kusimama mlangoni aelekezwe kwa macho, kushoto, juu, nyuma ya kabati, lisogeze kabati, si kulizunguka. Kijiko hicho kiligonga mwaka mzima na zaidi, kikatuchosha sote, mgonjwa hatulii, anayemuuguza hatulii, hata paka wa jirani aliacha kupita, lakini kadiri siku zilivyokwenda ngo zile zikawa chache, na Fundi akaanza kuona vumbi kabla hajaonyeshwa.

Asubuhi ya tarehe 17 Aprili 2024 Fundi aliamka, akafungua madirisha ya upande huu na ya upande ule, akatoa godoro la binti juani, akalowesha sakafu, akasogeza kabati, akapiga deki mpaka nyuma, akakitundika kitambaa kwenye msumari wake, na kijiko hakikugonga hata mara moja. Binti alikuwa bado amelala chumba cha pili, anapumua vizuri, mlango ukiwa wazi marehemu alimsikia, na aliomba ageuzwe upande wa dirisha, akafumba macho, na wote waliomjua watashuhudia kwamba mwanamke huyu katika umri wake wote hakuwahi kulala kukiwa kumekucha. Tulimwacha alale, kwa sababu tulidhani ni usingizi tu, na tulipokwenda kumwamsha ale, alikuwa ameshakwenda.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano, wote wanaojua kukunja shuka la hospitali pembe nne. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia kukaguliwa naye, wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia, ambao shuka alilofunikwa leo ni kazi ya mikono yao, na majirani mliopika, mlioteka maji na kufagia uwanja huu, mkilowesha kwanza, tumeona, asanteni.

Na jana, mwili ulipofika kutoka hospitalini, vijana wake waliobeba jeneza, kwa mazoea ya maisha yao yote, walikata kona bila kuambiwa na mtu wakaelekea mlango wa nyuma, penye bomba na sabuni, na walikuwa wameshafika usawa wa ubao wa viatu waliposikia Fundi anawaita kutoka mbele, ameufungua ule mlango ambao hakuna aliyewahi kuuingilia tangu alipotoboa ule mwingine, amesimama kizingitini na shati safi, akawaambia, "Mrudisheni, mpitisheni hapa, huyu hana tena cha kunawa."

Basi dada, umeingia kwa mlango wa mbele, na sasa hivi utatoka kwa huo huo kama msafi yeyote wa nyumba yako, madirisha yako wazi, binti yako anapumua, nyuma ya kabati pamefutwa, tumepaangalia wenyewe. Ulikuwa ukituambia utapumzika ukishamaliza. Umemaliza, dada. Pumzika kwa amani.