Fundi Alipochoma Daftari la Vipimo

Benchi la kona ile ni ubao mrefu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa mchanga, na ukikaa mwishoni mwenzako akainuka ghafla, shauri yako. Nyuma yake kuna ukuta wa kinyozi, ng'ambo ya barabara kuna duka la fundi cherehani. Asubuhi ya tarehe mbili, mwezi wa kwanza, Fundi alivuka kuja kunywa kahawa yake akiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Ndevu zote kanyoa. Duka lake lilikuwa limepakwa rangi ya machungwa ya kuumiza macho, na kibao kilichosema "Fundi" tu kwa miaka ishirini na sita sasa kilisema "Mwanzo Mpya Mitindo". Alikuwa akiomba Mungu mtu aulize.

— Fundi, hilo duka umelipaka rangi au limeshika moto?

Aliyeuliza ni fundi baiskeli, ambaye benchi zima lilimwita Waziri kwa kuwa hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu.

— Mwaka mpya, mambo mapya, bwana. Mtaalamu wa biashara kasema redioni. Sisi wenye biashara ndogo hatukui kwa sababu kila mwaka tunauburuta ule uliopita. Choma ya zamani, anza upya. Basi nami nimechoma.

— Umechoma nini? aliuliza Kinyozi.

— Daftari la vipimo.

Mama Birika, muuza kahawa wa pale, alikuwa akimimina kahawa. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikamwagikia goti la Kinyozi, na Kinyozi alikawia kuruka.

— Lile la marehemu shangazi yako? Mama Birika alisema kwa sauti ndogo.

— Lile lile.

— Yesu na Maria! Mtume! Njooni wote jamani! alimaka Mama Birika.

Daftari lile mtaa mzima ulilijua. Shangazi ndiye aliyelianza, kila mteja ukurasa wake, na hakuandika namba peke yake. Aliandika: "Mkono wa kushoto mfupi, usimwambie." Aliandika: "Akisema amepungua, itikia, lakini acha nguo ya kutosha kwenye mshono." Fundi aliliendeleza hivyo hivyo mpaka likanenepa likafungwa kwa kamba ya mpira. Juzi, uani, alilimwagia mafuta ya taa huku akipiga mluzi.

— Na mimi nilikuwamo? aliuliza Kinyozi.

— Ulikuwamo.

— Uliniandika nini?

— "Kiuno: mwambie thelathini na nne, kata thelathini na nane."

— Ala! Kumbe suruali zako zilikuwa zinanisitiri!

Kinyozi alikaa akiwaza, goti likitoa mvuke. Kisha akasema labda Fundi hakukosea. Kioo chake mwenyewe kina miaka tisa. Zimepita mle sura za kila namna, kioo kimeshiba, ndiyo maana mteja akijitazama haridhiki. Atakivunja.

— Kioo tu? Waziri akadakia. Wewe ubaya wako ni mlango. Mlango uliotoa wateja mwaka mzima umeshazoea kutoa. Uzibe, utoboe mwingine nyuma.

— Nyuma kwangu ni choo cha jirani.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hiyo inahusu nini?

— Inahusu! Na nikwambie, hata wateja wenyewe wa zamani wafukuzeni. Mtu wa mwaka jana anakuja na nuksi ya mwaka jana. Anayerudi mara ya pili si mteja huyo, ni mazoea. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yaani ukiona msala unapita, ukimbilie.

— Maana yake si hiyo, alisema Mama Birika.

— Hiyo yako ni maana ya mwaka jana, mama.

Fundi alicheka pamoja nao. Hakumwambia mtu kwamba tangu jana alikuwa akifumba macho na kujaribu kuona japo ukurasa mmoja, akiona moshi tu. Hofu ilikuwa imemwingia tangu hapo, na rangi ya machungwa haikuitoa.

— Fundi, alisema Mama Birika. Kifua changu ngapi?

— Arobaini na...

— Na ngapi?

— Nitakupima tena, dada yangu. Watu si wapo? Nitawapima wote.

— Umenishonea miaka kumi na minane, alisema Mama Birika, wala hakuwa akitania.

Hapo ndipo alipofika msichana mmoja, mgeni kwao wote, kitambaa cha zambarau kimekunjwa vizuri mikononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa.

— Asante, nina haraka. Nimetumwa na bibi. Naolewa Jumamosi ijayo, naye kavunjika nyonga, hata kumgeuza kitandani analia. Lakini anataka aje na gauni jipya, japo kwa kubebwa. Kasema nisihangaike na vipimo, fundi wa hapa anavyo vyote daftarini, mpaka lile bega lake lililoshuka tangu usichana. Hajawahi kuvaa nguo ya fundi mwingine ikamkaa.

Aligeuka akalitazama duka la ng'ambo, akasoma kibao, akarudisha macho kwenye benchi.

— Naona sasa pana mtu mwingine. Yule fundi wa zamani, mwenye daftari, amehamia wapi?

Kinyozi alishika goti lake. Mama Birika alimtazama Fundi, akamngojea. Waziri alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwepo, akakifunga bila kusema kitu. Fundi alipapasa kidevu chake kilichonyolewa. Aliona aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utoto wake, na akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na kibao chake.

Msichana akadhani hawakumsikia. Akauliza tena, kwa sauti ya juu kidogo.