Mkwe Aliyeshinda Nairobi

Kijiwe cha Kilole kilikuwa gogo moja la mvule lililolazwa mbele ya jiko la muuza kahawa, na tangu Vita vya Hitla viishe hapakuwa na kesi Korogwe nzima ambayo hakikuihukumu kabla ya Mzungu wa bomani. Asubuhi hiyo Mdoe alifika amevaa kanzu safi siku ya kazi, na mtu hafanyi hivyo ila kwa msiba au kesi. Yake ilikuwa kesi. Punda wake, Mwali, aliyebeba chumvi na mahindi ya watu mpaka Kwamsisi na kuilisha nyumba nzima, alikuwa na mimba pevu, mzigo haubebeki. Tena miezi mingi nyuma Mwali huyo alivunja zizi usiku, akakutwa alfajiri ndani ya uwanja wa meneja wa shamba la mkonge, kasimama ubavuni mwa Radi, farasi bingwa wa mbio. Mdoe alitaka meneja aihudumie mimba. Lakini aliogopa, maana kibanda chake kilisimama kwenye ardhi ya shamba kwa hisani ya meneja huyohuyo. Akiudhika tu, Mdoe na wanawe wanalala nje.

Aliyemtia moyo alikuwa Mbaruku. Aliwahi kuwa tarishi wa baraza, kwa hiyo watu walimwita Hakimu, na yeye aliitika.

— Mila ni mila, Mdoe. Dume likimpa mimba binti wa watu, mwenye dume alipe faini na amlishe mama mpaka ajifungue. Liwe la Mzungu, liwe la Mzigua. Mkuki kwa nguruwe mtamu!

— Hakimu, hilo si dume la hivihivi, alidakia Kasmiri. Huyu aliitwa Nairobi. Alipika kwa Wazungu kule mwaka mmoja tu, na hakuchoka kuusimulia. — Radi nimemwona kwa macho yangu haya. Anatoka wa mwisho, kazubaa kama anakwenda kuhani msiba. Wenzake wanatimua vumbi. Wakifika kona ya mwisho, weee! Kikombe kikubwa kachukua mara tatu, mpaka mguu ulipoteguka ndipo akaletwa huku kwa treni. Behewa zima lake peke yake!

— Lakini haraka haraka haina baraka, alisema Mdoe kwa upole.

— Ndiyo maana akashinda, alithibitisha Hakimu.

— Na nasaba yake sasa! Meneja akishalewa kidogo anawasomea wageni: Radi bin Ngurumo, Ngurumo bin nani sijui, mpaka babu wa saba aliyetoka Arabuni. Wazungu hawaozeshi farasi ovyo.

— Wewe Nairobi, babu yako wa tatu nani? aliuliza Hakimu.

— Mtani, babu yangu alishuka toka Unyamwezi na mzigo wa babu yako kichwani. Angejitambulisha saa ngapi?

Gogo lilitikisika kwa kicheko. Hata Mdoe alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aamke.

— Tena yule babu wa Arabuni hakupanda meli, aliendelea Nairobi. Aliogelea.

— Farasi?

— Mpaka Uingereza. Mfalme wao mwenyewe alimpokea ufukweni na taulo.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, alisema Hakimu. Basi mjukuu huyu aliye tumboni atachukua mbio za baba na uvumilivu wa mama. Atashindana na treni!

— Na gunia mgongoni!

— Atafika Tanga, ateremshe mzigo, arudi kuipokea treni Muheza.

Mdoe aliinua mkono.

— Na meneja akimtaka mtoto? Sisi Wazigua mtoto ni wa kwa mama.

— Akimtaka, alete mahari, alikata shauri Hakimu. Posa kwanza. Na mshenga.

Mawazoni Mdoe alimwona meneja ameketi mkekani kwake, kofia magotini, anaomba kwa adabu. Raha ilimjaa moyoni, hofu ikamtoka. Akasimama.

— Twende, Hakimu. Wewe ndiye msemaji.

Pembeni mwa gogo palikuwa na mgeni, Semboja wa Kwashemshi, aliyeteremka mlimani na ndizi zake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Samahani. Farasi mnayemsema ni yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni? Nilipita kuuza ndizi, nikamkuta anaogeshwa. Mbona ni maksai?

— Maksai vipi?

— Kahasiwa, mzee. Saisi, mtunzaji wake, aliniambia walimkata angali mdogo, akili yake yote ibaki kwenye mbio.

Hakimu alimgeukia mtani wake.

— Nairobi! Si ulimwona kwa macho yako?

— Nilimwona anakuja, nikamwona anapita, mtani. Hapo katikati sikupata nafasi.

Mdoe alikaa tena gogoni. Alibakiza hatua chache aende kudai matunzo ya mimba kwa maksai, meneja acheke kwanza, kisha amfukuze. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu akawakumbuka wanawe na chungu kitupu, akaona uchungu tena.

— Basi, wazee, alisema Semboja, hapa Kilole nani ana punda dume?

Jibu walilijua wote. Kilole nzima ilikuwa na punda dume mmoja, mwenye sikio lililochanika, hafungwi usiku wala mchana, na mwenye punda huyo alikuwa pale gogoni. Nairobi alitazama mawingu. Hakimu alimeza kahawa pamoja na machicha yake, akaanza kutafuta kiatu kwa mguu.

— Mila za siku hizi, alisema, zimebadilika sana.

— Kaa, Hakimu, alisema Mdoe, akimshika bega. Majani unaleta leo au kesho?